Maji ya Moto Ndani ya Mtutu

Buffalo, ughaibuni, Jumamosi

Mikono bado inanuka mafuta ya bunduki na ninacheka peke yangu. Leo nimefyatua risasi, mimi!

Mume wangu Eliya ana bunduki kuukuu ya kijeshi, na leo alinipeleka uwanja wa shabaha. Tuliporudi nyumbani akaiegemeza ukutani, akataka chakula kwanza. Hapo nikakasirika.

"Risasi hizi za zamani zinaacha chumvi ndani ya mtutu," nilimwambia, nikirudia niliyoyasikia uwanjani. "Ukiiacha hivyo, kesho ni kutu."

"Mke wangu, tangu lini unaijali?"

"Tangu leo!"

Tukahakikisha haina risasi. Akamimina maji ya moto ndani ya mtutu kuyeyusha chumvi hiyo, nami nikapitisha vitambaa mpaka kimoja kikatoka cheupe. Tukaukausha, tukaupaka mafuta. Unang'aa!

Kisha Mama akapiga simu kutoka Kigoma. Niliogopa kumwambia. Ndiye aliyenibeba mgongoni tukikimbia milio ya bunduki kule Burundi. Lakini nikamwambia.



"Sasa," akauliza, "ulilenga ukapata?"

"Katikati kabisa, Mama!"

Akapiga vigelegele mpaka Eliya akaja mbio kutoka jikoni.