Faili la Anjela nimelichambua kama maharage

Kasulu, Jumamosi, mwezi wa kumi na moja, 2014. Mvua tangu alfajiri, na baridi ile ya kukaa na kitenge mabegani mpaka mchana. Mimi baridi siisikii. Nimechemka.

Kwa wasomaji wapya: blogu hii alinifungulia mwanangu Anjela, anayesoma mambo ya kompyuta huko Mwanza. Wa zamani mnamfahamu, maana siachi kumtaja. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nimezaa kichwa.

Likizo iliyopita Anjela aliokota kompyuta kuukuu, akamwita seremala, wakatengeneza kabati la mninga lenye kioo kifuani, vishikio na vitufe vyekundu. Ndani akaweka gemu za zamani, zile za mashine za kutumbukiza sarafu. Likakaa mgahawani kwangu. Vijana wakawa wanaagiza chai ya pili hata kama hawana kiu, ili tu wapate zamu. Mimi shingo ilirefuka mpaka sokoni wakaniona.

Wiki hii kompyuta ikashikwa na virusi, fundi wa stendi akaifuta yote. Gemu ninazo kwenye flashi, nikazirudisha mwenyewe. Kubonyeza tu, kabati likaniandikia kwamba faili la mfumo halipo. Anjela akanieleza kwa simu kwamba gemu ni mboga, faili hilo ndilo ugali, peke yake mboga haiendi. Akalituma kwenye flashi nyingine kwa basi, pamoja na dagaa. Akasema nilipeleke kwenye folda ya gemu, basi, nimemaliza.

Nimemaliza nini? Leo nimeshinda nalo siku nzima.

Na kesho anakuja shemeji kutoka Kibondo, mdogo wa marehemu mume wangu. Miti ya marehemu kule Murungu haikatwi ikauzwa bila neno la huyu shemeji, na isipouzwa, Anjela hana ada ya mwaka wa mwisho. Shemeji tangu mwanzo anasema msichana kusoma kompyuta ni kwenda kujifunza kucheza. Nami kwa mdomo wangu huu nikamwambia aje aone kwa macho kazi ya mtoto wa kaka yake.

Aje aone kioo cheusi.

Nimezima, nimewasha. Nimechomoa nyaya, nimezifuta vumbi, nimezirudisha. Nikamwita yule fundi wa stendi, akajikuna kichwa, akanywa chai yangu, akaondoka. Kila nikibonyeza ni maneno yaleyale, faili halipo, wakati nimeliweka kwa mikono yangu. Mama Zuhura wa duka la vitenge, mtu wa Ujiji, ulimi wake mnaujua, akaingia kujikinga mvua. Akalitazama kabati weee.

"Mama Anjela, kama halichezi si utie sahani? Milango linayo."

Nikacheka naye. Ndani naungua.

Ikabidi nimpigie Anjela. Nilikuwa sitaki, maana alikuwa ameniambia, mama, hii utaiweza. Akauliza faili limekaaje. Nikamweleza kwa maringo kabisa kwamba lilikuja limefungwa kama gunia, nami nikalifungua, nikalichambua.

"Umelichambua vipi, mama?"

Kama maharage, nikamwambia. Kwetu gunia haliingii stoo bila kumwagwa kwenye ungo. Humo nilikuta vifaili vingi vya majina ya ovyo, herufi na namba tupu, nikaona hivi ni mawe na pumba, nikavitupa. Nikabakiza vyenye majina ya kueleweka. Gunia lililobaki nikalifuta, na flashi nikaisafisha yote, mtoto arudishiwe chombo chake kikiwa safi.



"Lilitakiwa likae limefungwa hivyohivyo, mama. Programu inalifungua yenyewe."

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Tangu juzi yuko Ukerewe kwa mafunzo ya vitendo, na faili jingine liko kwenye kompyuta aliyoiacha chuoni, atalifikia Jumatatu. Kisha akauliza polepole, baba mdogo si anakuja kesho? Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Sasa nimekaa, kabati linanitazama na mimi nalitazama.

Nimewaza nimwambie shemeji umeme umekatika. Kasulu hii nani atabisha? Lakini akiondoka na jibu hilo, atakuwa ameona kabati la mbao tu, na maneno yake yatabaki palepale. Nikimwambia kweli, kweli yenyewe ni hii: aliyeharibu ni mimi, fundi wa stendi ameshindwa, na mji mzima anayeweza kulifufua hayupo. Yupo mmoja tu, ni damu yake, na amebakiza mwaka mmoja.

Hilo hata shemeji, na ugumu wake wote, atalisikia.

Tatizo Mama Zuhura. Jumapili hakosi chai kwangu. Mimi niliyemwimbia kwamba akili Anjela amezitoa kwa mama yake, niseme mbele yake kwamba kompyuta nimeipepeta kwenye ungo?

Nitasema. Ila kwanza nitampakulia shemeji dagaa, ashibe. Na yeye Mama Zuhura nitamjazia kikombe mpaka juu, awe na kazi ya mdomo.