Sahani ya Mama Masatu

Makoko, Musoma
27 Desemba 1982

Dada Ursula mpendwa,

Debe lililomshtua kaka Magesa Krismasi ya mwaka jana, akaingia chini ya kitanda akilia kwamba tunashambuliwa, nililipiga mimi, kwa furaha tu. Watoto wa mama Masatu walichapwa bure, nami nikanyamaza.

Hatujambo, ila sukari haijafika dukani tangu nimalize shule. Mwaka huu majirani wote walikubaliana wasipige madebe, ili kaka asikumbuke vita vya Uganda. Wavuvi walimchukua kila asubuhi wakashone nyavu pamoja. Kwaya nayo iliacha ngoma, ikaimba kwa makofi.

Siku ya Krismasi mama Masatu alituletea sato kwenye sahani yake ya maua. Akamwambia kaka, "Baba, leo hata jogoo wangu nimemwambia anong'one." Kaka alicheka, dada. Kisha mama Masatu akanigeukia mimi. "Wanangu wanapigaga kelele sana. Mtusamehe."

Nikajibu, "Tumeshasamehe." Nikala samaki wake.

Sahani bado iko hapa. Siwezi kuirudisha tupu, na ninachodaiwa kumpelekea ni hayo niliyokuandikia juu ya debe. Mpaka nitakapoirudisha, nakuomba usimwambie mtu, hata shemeji.

Mdogo wako,
Marcelina