Bibi Hakuifunga Mvua

Alhamisi, mchana. Mawingu yapo, lakini siyaamini.

Hili sijawahi kumwambia mtu: maneno yanayomponza bibi ni yangu.

Mvua ya kwanza iliponyesha hapa Ngulyati, kila mtu alikimbilia kupanda pamba. Mimi nilikuwa nimetazama kwenye simu ramani ya upepo wa baharini, ile aliyotuonyesha mwalimu wa jiografia. Setilaiti haiuoni upepo wenyewe. Inapiga mawimbi ya redio juu ya bahari, na yanavyorudi yanaonyesha maji yamekunjamana kiasi gani, kama lambo letu upepo ukipita. Hapo ndipo wanapochora mishale. Mishale ya Bahari ya Hindi ilikuwa imegeuka, inakimbia mbali na sisi, na mvua pamoja nayo.

Nikamnong'oneza bibi peke yake asubiri, maana mbele za watu sauti yangu hukwama. Yeye akawaonya majirani. Hakunitaja, nilimwapisha.

Walipanda. Jua likaunguza miche yote. Mbegu za bibi bado ziko kwenye gunia, salama.

Sasa wanamtazama vibaya. Jana bombani jirani alimwuliza mama, "We mama Kabula, mkweo ana simu ya mbinguni nini?" Wakacheka. Mama hakucheka. Leo asubuhi umekuja ujumbe: kesho bibi afike kwenye mkutano wa kijiji, aeleze alijuaje.

Bibi ana macho mekundu ya moshi wa jikoni. Kwa wengine hiyo tu inatosha kumwita mchawi aliyeifunga mvua.

"Nitasema niliota, mayo," ameniambia; huniita mayo, yaani mama.

Kuota ndiko kutakakommaliza.

Baba naye ananishuku, anadhani kwenye simu kuna mvulana. Leo amepita dirishani kwangu mara mbili, eti anatafuta jembe.

Na mimi najishuku. Kama nilibahatisha tu, je? Bahari yenyewe sijawahi hata kuiona.

Blogu hii huwa naiandika kwa Kiingereza ili nyumbani wasinisome. Leo nimeandika Kiswahili. Ramani niliihifadhi siku ileile, nimeiweka hapa chini na tarehe yake. Kusema mkutanoni sitaweza. Baba anaweza, lakini lazima ajue kwanza.

Nasikia katambuga zake za tairi. Zimesimama mlangoni. Kidole changu tayari kipo pale pa kufunga ukurasa, kwa mazoea.

Sifungi.

Baba, ingia usome.