Kitambaa Juu ya Uchawi Wangu

Jumamosi, Agosti 2003

Na bado nimekasirika kidogo. Wamama wa kanisa walipobisha, Mama alitoa kitambaa cha kufuma kwa kochi akafunika kompyuta yangu nacho, kwa sababu kwa skrini kulikuwa na mchawi. Mchawi mwenyewe ni mimi, kwa gemu.

Na nilikuwa katikati ya kazi! Kwa hii gemu unanunua uchawi mdogo kwa mwalimu, halafu unautengeneza vile unataka: uchome ama ugandishe, ufike wapi, ukae muda gani. Sasa nikakaa hapo nikiombewa mitihani, na uchawi wangu haujaisha.

Walipoenda, Mama aliinua kitambaa. "Sasa hapa unaroga nani?"

"Sirogi mtu, Mama. Hii ni ya kuleta baridi. Nimeiita Magadi."

Akainama kuangalia skrini. Baba anajenga nyumba huko Magadi, na juzi alipiga simu akasema jua lilimwangusha kazini, lakini ako sawa. Tangu hapo hakuna mtu ametaja hiyo simu hapa nyumbani. Mimi naogopa. Nilidhani naogopa peke yangu.

"Inafika mbali?" Mama akauliza.

"Haifiki. Nikiongeza umbali, inakula nguvu yangu yote. Nabaki sina kitu."

Akavuta kiti, akakaa karibu na mimi. Kitambaa alikuwa bado amekishika, amekikunjakunja kwa mkono.

"Ongeza," akasema.