Hoteli Tatu, Ukumbi Mmoja na Magoti ya Mama

Jumatano. Asubuhi mvua ilitupiga kama iko na kesi na sisi, saa tano jua likatoka bila aibu, na sasa jioni hii barabara zote za Makiso, hapa katikati ya Kisangani, ni matope. Mimi mwenyewe nina matope mpaka nyuma ya sikio. Yamefikaje huko, sijui.

Nina furaha, shajara yangu. Miguu imekufa, lakini nina furaha.

Ngoja nieleze tangu mwanzo. Mimi ni katibu wa umoja wa wamama wanaokausha samaki kwa moshi, kuanzia Yanonge mpaka Isangi, kando ya mto. Jumatatu tunafungua mkutano wetu wa siku tatu hapa mjini, katika ule ukumbi mkubwa wa katikati. Kazi niliyopewa ni moja tu: kutafuta hoteli za bei ambayo umoja unaiweza, tena karibu, ili wamama waende ukumbini na kurudi kwa miguu. Wakipanda moto, hizi pikipiki zetu za abiria, asubuhi, mchana na jioni, pesa ya chakula itaishia huko na mkutano utakwisha Jumanne.

Kwa wenzangu hiyo ni habari ya bajeti. Kwangu mimi ni habari ya mama yangu mzazi.

Mama, naye ni mmoja wa wamama hao, ndiye atakayesema wa kwanza, Jumatatu saa mbili asubuhi. Ataonyesha jinsi anavyokausha samaki kwa kuni chache, kazi aliyoifanya tangu usichana wake bila mtu kumuuliza anaifanyaje. Tangu apate habari hiyo amekuwa akifanya mazoezi mbele ya mbuzi wa jirani. Sasa, miaka miwili iliyopita alianguka na toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria, akaumia magoti yote mawili. Tangu siku hiyo hapandi kitu cha magurudumu mawili, hata umpe nini. Taksi za gari hapa kwetu ni chache, na asubuhi huzipati. Donc, basi, ama anafika kwa miguu yake, ama hafiki.

Jana nilipiga simu hoteli tatu. Zote niliziuliza: kutoka kwenu mpaka ukumbini ni mbali? Zote zikanijibu kwa sauti tamu kwamba hapana, ni dakika tano. Nikaandika dakika tano, dakika tano, dakika tano. Nikatuma orodha kwa kordineta wetu, akanisifu, nikajinunulia mikate ya moto na chai kwa kujipongeza.

Kumbe ni dakika tano za moto.

Na mimi ni mtoto wa Kisangani! Hapa hakuna mtu anayepima njia kwa miguu. Ukiuliza mbali, mtu anakukadiria kwa toleka au kwa moto, na hata hakwambii, maana kwake hakuna njia nyingine. Mimi mwenyewe nimewajibu watu hivyo maisha yangu yote. Leo asubuhi nimetoka hoteli ya kwanza kwa miguu, nimetembea nusu saa nzima, na paa la ukumbi bado sijaliona. Nikasimama katikati ya njia nikajicheka peke yangu.

Bon, sawa. Nikaamua kupima kwa magoti ya mama. Mama atakuja na beseni lake la samaki kichwani, na beseni hilo hamwachii mtu. Nikaazima beseni kwa mama mmoja muuza mboga ninayemfahamu, nikaweka ndani unga wangu wa muhogo na mafaili ya mkutano, nikatembea kwa mwendo wa mama. Polepole. Nilisimama kila mahali ambapo yeye angesimama: kusalimia, kushangaa nguo ya mtu, kuuliza bei ya vitunguu asivyotaka kununua.

Watu wakaniita kila kona kuniuliza nauza nini. Mmoja alikasirika kabisa nilipomwambia siuzi kitu, akasema basi beseni la nini. Vijana wa toleka walinifuata mpaka nikaona huruma. Mmoja wao akaniuliza kwa uchungu, "Mama, tulikukosea nini?"

Hoteli ya kwanza, ile ya ng'ambo ya soko, kwa mwendo wa mama ni dakika hamsini. Kwaheri. Ya pili iko kando ya mto, hiyo kweli ni dakika tano za miguu, vitanda kama vya bwana harusi, lakini kwa bei ya usiku mmoja pale wamama wanne wangelala mkutano wote. Mpokezi alikuwa mpole sana. Alinihurumia, akanipa maji ya kunywa, na nikatoka na beseni langu.

Ya tatu haikuwa kabisa kama nilivyoiwazia kwenye simu. Ni nyumba ya wageni ya masista, geti la kijani, ua umefagiliwa mpaka unaogopa kukanyaga. Vyumba vidogo, chandarua kizima, ndoo ya maji imejaa, mlango unaofunga. Bei tunaiweza. Kutoka pale mpaka ukumbini, na beseni, na salamu, na vitunguu: dakika kumi na sita. Nilirudia mara mbili nisijidanganye. Mara ya pili nilitembea dakika kumi na nne kwa sababu muuza vitunguu hakutaka tena kuniona.

Nikachukua vyumba kwa wamama wote wa Yanonge na Isangi, nikaandika majina. La mama yangu niliandika la kwanza.

Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza, shajara, na hapa nitasema ukweli.

Kwetu, mtu wa damu halali hotelini. Mgeni asiye na ndugu mjini, huyo ni sawa. Lakini mama yako mzazi, na wewe uko na nyumba Mangobo, na mdogo wake wa kiume yuko na nyumba Kabondo, humu humu mjini? Hilo ni tusi. Nililijua tangu jana na nikajifanya silijui. Mchana nilimpigia Tonton Désiré, mjomba wangu, huyo mdogo wake mama, nikamweleza mbio mbio, kama mtu anayepita mbele ya mbwa.

Tonton hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Akasema polepole, "Dada yangu alale hotelini sawa na mutu haina familia? Ni wewe umefikiri vile?" Kisha akasema kwamba kesho ukoo wote utajua, na akakata simu.

Nililia kidogo, kwenye ngazi za masista, na beseni miguuni. Sista mmoja akapita, akaniangalia, akaamua asiniulize. Nikachukua kalamu nikafuta jina la mama. Nikaanza kupiga hesabu ya Mangobo: kwa magoti yale ni saa mbili za kutembea, tena kwenye matope. Angefika amechoka hata jina lake hakumbuki, au angenitumia salamu kwamba mtu mwingine aseme mahali pake. Nilijua hivyo vizuri kabisa, na bado nilifuta. Nilimwogopa Tonton kuliko nilivyomhurumia mama. Ndiyo hivyo.

Nikampigia mama kumwambia kwamba atalala kwangu. Alikuwa kwenye moshi wake, akikohoa na kucheka. Nikamweleza yote, hoteli, masista, Tonton, na nikamwomba msamaha kwa kuwaza kumlaza hotelini.

Halafu akaniuliza, "Hiyo chumba, iko na ufunguo?"

Nikasema ndiyo, kila chumba na ufunguo wake.

"Na ufunguo nitabeba miye mwenyewe?"

Nikasema ndiyo mama, wewe mwenyewe.

"Mutoto yangu, niko na miaka makumi sita na tatu. Nilitoka mu nyumba ya baba nikaingia mu nyumba ya bwana, leo niko mu nyumba ya kaka yako. Kwako nitakuja kulala siku ingine. Hizi siku tatu, uniache nikuwe mugeni."

Kisha akaendelea kuuliza mambo yake: kama kuna mtu atakayetandika kitanda, kama asubuhi chai inakuja yenyewe au mtu anaifuata. Nilipomwambia inakuja mezani alicheka mpaka akakohoa tena. Akasema nimwache yeye na mdogo wake, na kwamba huyo Tonton, ambaye yeye mama ndiye alikuwa akimfunga nepi, hawezi kumtisha.

Nusu saa haijapita, Tonton akanipigia. Sauti nyingine kabisa. Akaniuliza kama masista wanaruhusu ndugu kusalimia, saa ngapi, na kama inafaa avae koti. Nilimwambia koti si lazima. Akasema atavaa.

Basi hiyo ndiyo furaha yangu ya leo. Lakini kuna kitu kinanichoma, nami nitakiandika kabla hakijapoa.

Kila mwaka mama anakuja kwangu, nami nawaambia majirani kwamba amekuja kupumzika. Kabla sijaamka, ua umefagiliwa. Nguo za shule za watoto zimefuliwa, sombe ya majani ya muhogo iko motoni, na yeye ameketi jikoni kwenye kile kigoda kifupi, na magoti yake yale. Anapoondoka nalalamika kwamba hakai siku nyingi. Sijawahi hata siku moja kumuuliza kama alilala vizuri. Nilidhani hoteli ni kumfukuza, kumbe nyumbani kwangu hajawahi kuwa mgeni.

Jina lake nimeliandika tena, kwa herufi kubwa, chumba cha mwisho kile kinachotazama bustani. Kordineta amepata orodha mpya yenye dakika za miguu, na ameniuliza nimezipimaje. Sikumwambia.

Jumatatu saa moja asubuhi nitakwenda kwenye geti la kijani. Nitavuka ule ua, nitafika mbele ya mlango wake, na hata kama nitasikia ameamka, sitausukuma kama ninavyosukuma milango yake yote tangu utotoni. Nitabisha hodi. Nitangoja pale nje mpaka mama afungue kwa ufunguo wake.