Homa Ambayo Haikuja

Mama yangu mpendwa,

Umeamkaje huko Kongolo? Na mguu umepoa, au bado unaficha ukiulizwa? Mimi ni mzima. Hapa Kindu nina kazi maabara ya hospitali na chumba mtaa wa Kasuku, ila sina wa kula naye. Nasonga bukari ya mtu mmoja na bado inabaki.

Wiki hii nimebishana na bibi mmoja wa mtaa wa Mikelenge. Mjukuu wake alizaliwa hospitalini kwetu, na chupa ya uzazi ya mama yake ilikuwa imepasuka mapema mno, basi daktari akataka nipime damu ya mtoto kabla ya kuwaruhusu. Iko protini ambayo hupanda vijidudu vikishaingia, hata kabla mwili haujachemka. Yake ilikuwa juu. Nikarudia: juu zaidi. Nikamsihi daktari waanze sindano.

Lakini kesho yake ilikuwa akika. Mbuzi amekwishafungwa uani, wageni wametoka Kailo. Bibi akanijia mlangoni.

"Mutoto hana homa. Ananyonya. Munamufungia nini?"

"Ugonjwa uko ndani ya damu, bibi. Haujajionyesha."

"Weye iko na mutoto?"

"Hapana."

"Njo maana unaona magonjwa mahali hayako."

Wanawake waliokuwa wakingoja wakacheka. Daktari akaninong'oneza, "Ukikosea, huyu ataanza na mimi."

Lakini akawazuia, mama na mtoto wakabaki. Wageni wakarudi kwao bila kula nyama. Sindano zikaendelea, protini ikashuka, na homa haikuja kabisa. Leo wametoka. Bibi akapita kwangu, akasema bila hasira, "Nilikuambia, binti. Hakukuwa kitu."

Ningemwonyesha nini?

Nikakuwaza wewe, mama, msituni wakati wa vita, mdogo wangu Dieudonné mgongoni mwako. Nilikuwa nimeshika kitenge chako. Asubuhi alikuwa akicheka; jua lilipotua, alikuwa moto kiasi kwamba ulimfungua mgongoni ukamlaza kwenye majani mabichi. Hakuiona asubuhi nyingine. Watu walikuuliza kwa nini hukuona mapema. Hapakuwa na cha kuona, mama. Sasa najua.

Nisalimie mjomba wa stesheni, na dada Furaha na wanawe.

Huku hakuna ninayeweza kumwambia kwamba mtoto wa Mikelenge alikuwa anakufa. Nimekuambia wewe, kwa sababu wewe utaniamini.

Ni mimi binti yako,
Espérance