Vidole vitatu vya Taimur

Mehak, shoga, acha kupika usome! Rumaisa kasalitiwa darasani, mbele yetu sote!

Daktari Naheed anatufundisha jinsi gutka, ile tumbaku ya kutafuna, inavyogeuza nyama ya shavu kuwa kovu mpaka mdomo unagoma kufunguka. "Haya, kila mtu atie vidole vitatu mdomoni, wima; mdomo mzima hupokea vyote." Tukatia, tunacheka.

Mchumba wa Rumaisa, Taimur, viliingia viwili. VIWILI!

"Vidole vyangu vinene," eti.

Huyo huyo aliyemwapia kwamba gutka ameacha! Na Rumaisa akamdhamini kwa baba yake, ndipo posa ikapokewa.

Nje Taimur akamkimbilia: "Rumi, usimwambie baba yako kwamba bado natafuna."

"Wewe uliniapia mimi, mimi nikamwapia baba. Sasa nirudi nyumbani na uso gani?"

Kapanda bajaji peke yake. Pete ya uchumba kaniachia nimrudishie Taimur, na leo hata utani sina.